Kuajiri fundi na kuhesabu saa: ninavyoendesha ushoni wangu



Tangu Mfunguo Mosi iliyopita kuna maswali mawili nayasikia kila nikikaa na watu. Mabiharusi wananiuliza, "Dada, mbona mwenzetu ulimkatalia kazi na pesa anazo mkononi?" Na dada wenye biashara zao ndogo, wa mapishi, wa hina, wa mapambo ya ukumbi, wananiuliza mafundi wangu nimewapata wapi mpaka wakatulia. Nitayajibu yote mawili hapa, maana kwangu yanakwenda pamoja. Nguo ya harusi haina "njoo kesho". Biriani likichelewa wageni watapewa juisi wasubiri, lakini biharusi ambaye nguo yake haijafika hatoki chumbani, na mama yake anakaa mlangoni na simu mkononi anakupigia wewe.

Mimi nilimaliza Fomu Foo, nikasoma kozi ya ushoni, basi. Biashara sikuisomea darasani. Chumba changu kipo Mwanakwerekwe, kina vyerehani vinne, ovaloki moja na pazia la kujaribishia nguo. Tupo watatu, mimi na mafundi wawili. Watu wakiingia wanashangaa kuwa ni padogo, walidhani nina mafundi kumi.

Nianze na kuajiri. Ukisema tu unatafuta fundi, simu haitulii. Na kila anayepiga anajua kila kitu: gauni anajua, shela anajua, suti ya bwana harusi anajua, mapazia anajua. Mimi nasikiliza, namuuliza anakaa wapi na anakuja na gari gani, kisha namwambia aje siku tatu. Siku tatu hizo namlipa shilingi 10,000 kwa siku, na nauli, na chakula cha mchana tunakula pamoja. Kuna wenzangu wananiambia natupa pesa kwa mtu ambaye huenda nisimchukue. Nami nawajibu kuwa yadi moja ya lesi ya biharusi ikikatwa vibaya ni zaidi ya hiyo.

Jambo hili sikulibuni mimi. Nendeni kwenye Surat al-Qasas mkasome kisa cha Nabii Musa (A.S.) alipofika Madyan. Yule binti wa mzee wa Madyan ndiye aliyemshauri baba yake amuajiri Musa, na akataja sifa mbili: nguvu za kuifanya kazi, na uaminifu. Huwa napenda kuwakumbusha wanawake kuwa ushauri huo ulitoka kwa msichana, na baba yake akaufuata. Na hakusema kwa kubahatisha. Alikuwa amemuona Musa kisimani akiwanyweshea mifugo yao wakati wachungaji wengine wamejazana, na amemuona jinsi alivyowaheshimu. Aliona kazi kwanza, ndipo akasema aajiriwe. Baada ya hapo wakakubaliana muda kabisa: miaka minane, na akitimiza kumi ni hisani yake. (Mabiharusi mnaosoma hapa mnajua pia kuwa makubaliano hayo yalikuwa na ndoa ndani yake, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.)

Na Bibi Khadija (R.A.), mfanyabiashara wa Makkah. Alisikia sifa za Muhammad (S.A.W.) kabla ya utume, kuwa watu wanamwita mwaminifu, akamkabidhi bidhaa zake apeleke Sham. Hata hivyo alimtuma na mtumishi wake Maysara pamoja, na waliporudi Maysara akasimulia aliyoyaona safarini. Sisi siku hizi tukimwangalia mtu kabla ya kumpa kazi tunaambiwa tuna dhana mbaya. Kuangalia si dhana mbaya.

Sasa siku tatu zangu zinakwendaje? Siku ya kwanza fundi hagusi kitambaa cha mteja. Nampa merikani, zipu ya kuficha na kipande cha bitana, nikamwambia anitengenezee sehemu ya mgongo wa gauni, na pindo alipige kwa mkono. Kisha naendelea na kazi zangu. Siangalii sana kama zipu imenyooka. Zipu atafundishwa. Naangalia anafanya nini ikipinda. Kuna anayeifunika kwa pasi ya moto akidhani sitaiona. Kuna anayesema uzi mbaya. Kuna anayekaa kimya akafumua. Siku ya pili namuweka karibu na watu, aone wateja wakiingia na kutoka. Siku ya tatu nampa sare moja ya kweli, ya kitambaa ambacho nina ziada yake.

Mwaka juzi alikuja dada mmoja, na nasema kweli, mkono kama wake nimeuona mara chache. Alikata bila kuchora chaki, mkasi ukapita, vipande viwili vikalingana kama pacha. Zipu aliitia ndani ya dakika kumi na huioni. Nikajiambia moyoni, huyu Mungu kaniletea, maana mwezi wa Shaaban ulikuwa umeshaingia na kitabu changu kimejaa. Siku ya pili biharusi mmoja alikuja kujaribu gauni, akaingia nyuma ya pazia, akajaribu, akaondoka. Alipotoka tu mlangoni, yule dada akacheka. Akaanza kutusimulia biharusi wa mahali alipokuwa akifanya kazi zamani, alivyokuwa na alama mgongoni, na mwingine ambaye tumbo lilikuwa limeanza kuonekana na watu wa kwao hawajui, na jina akalitaja, na mtaa akautaja. Mafundi wangu wakainamisha vichwa. Mmoja nilimuona anataka kucheka, akaniangalia, akaacha.

Dada zangu, fundi wa nguo za kike anaona vitu ambavyo mama mkwe hatoviona na pengine mume mwenyewe hajaviona bado. Anajua nani ametia sidiria yenye sifongo, nani ana kovu la upasuaji, nani amekonda ghafla na analia. Msichana anavua mbele yako kwa sababu hana njia nyingine, hakukuchagua uwe msiri wake. Sasa amana ni nini kama si hiyo? Tunapozungumza kuhusu mfanyakazi mwaminifu, akili zetu zinakwenda kwenye mtoto wa meza na pesa zilizomo. Pesa zikiibwa utahesabu utajua zimepungua ngapi. Siri ya mtu ikitoka utaihesabuje? Utaifuata nyumba gani kuirudisha?

Nilimlipa siku zake tatu zote, ingawa ya tatu hakuifanya. Nilimwambia sababu, kwa upole, tukiwa wawili. Alisema, "Lakini dada, hapa si tulikuwa wanawake watupu?" Nikamwambia hata yule uliyemsema ni mwanamke. Akachukua mkoba wake akaondoka. Ramadhani ile nilikatalia wateja watano kwa kukosa mkono wa tatu, na kodi ya chumba niliilipa kwa kubana matumizi ya nyumbani. Sikujuta, lakini sitawaambia kuwa haikuuma. Iliuma.

Tangu hapo kuna kikapu cha ukili mlangoni. Biharusi akiingia nyuma ya pazia, simu zote zinaingia kikapuni, ya kwangu ya kwanza. Mashoga wa biharusi wananuna kidogo, wanataka kupiga picha. Watapiga akishavaa shela na kujisitiri, yeye mwenyewe akiridhia.

Halafu kuna ndugu. Hapa najua wengi mtatikisa kichwa, maana kisiwa hiki ni kidogo na kila mtu ni mtoto wa mtu. Shangazi yangu alinijia nyumbani jioni moja, hata chai hajainywa, akaniambia, "Mwanangu, mdogo wako yupo nyumbani tu kamaliza skuli, mchukue." Nikamwambia, "Shangazi, karibu, aje siku tatu kama wengine." Hakulipenda neno "kama wengine", nililiona usoni, lakini mtoto alikuja.

Yule mdogo wangu ni mwaminifu. Ningemuachia kisanduku cha pesa na funguo nikasafiri Pemba wiki nzima. Tatizo ni kuwa ushoni haupendi. Siku ya kwanza alifika saa nne. Siku ya pili aliomba ruhusa kabla ya laasiri aende akapake watu piko, na nikimtazama anavyolizungumzia piko macho yanang'aa. Sindano alikuwa akiishika kama mtu aliyeshika kisu cha mwenziwe. Siku ya tatu nilimuuliza, "Mdogo wangu, hii kazi unaitaka wewe au anaitaka mama?" Akacheka, akasema anaitaka mama.

Nilikwenda mwenyewe kwa shangazi, sikupiga simu. Nilimwambia mtoto wako ana mkono wa hina, tumsaidie hapo, na mimi nitamnunulia vifaa vya kuanzia na nitamtajia kwa mabiharusi wangu. Akaniambia, "Damu yako unairejesha, watu wa njia ndio unawaweka ndani." Nilinyamaza. Kwa mtu mzima nilikuwa nijibu nini? Lakini jibu ninalo na nawaandikia nyinyi: nikitaka kumsaidia ndugu natoa mfukoni mwangu, na inshaallah nitatoa. Siwezi kumsaidia kwa kutoa katika nguo ya biharusi. Hiyo si yangu, nimewekeshwa tu. Vifaa vya piko nilinunua, mtoto anafanya kazi zake na anapata. Shangazi mpaka leo nguo zake za sikukuu anashona kwingine. Tukikutana kwenye khitma namwamkia shikamoo, anaitikia, na hapo panaishia.

Fundi niliyemchukua mwishowe alitoka shamba, Mkoa wa Kaskazini. Alikuwa mzito, zipu moja karibu saa nzima. Lakini siku ya kwanza ile zipu ilipopinda aliifumua mwenyewe mara mbili bila mtu kumwambia, na alipomaliza akaniletea akaniambia, "Dada, hapa chini bado hapajakaa sawa." Yupo na mimi mwaka wa pili sasa na wepesi umekuja.

Mkishakubaliana, andikeni. Hata kama ni binti wa jirani. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ile ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu kuandikiana deni, na sisi tunaona kuandikiana ni kukosa imani! Mimi nina karatasi moja: saa za kazi, mshahara, siku za mapumziko, nani analipa kitambaa kikiharibika (mimi, isipokuwa aliyekata bila kuuliza), na akitaka kuondoka anipe taarifa ya muda gani. Zanzibar tuna Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, na tuna Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, ZSSF. Msidhani haya ni ya mahoteli tu. Ulizeni kabla ya kuajiri, mjue mnaingia wapi.

Mshahara nalipa wa mwezi. Zamani nilipojifunza kazi kwa watu nililipwa kwa kipande, na kwa kipande mtu anakimbiza mashine, bitana anairuka. Sare tu ndizo naongeza kidogo kwa kila nguo. Na mshahara hauvuki siku yake. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, na wewe unamwambia asubiri biharusi amalizie malipo. Biharusi akichelewa kulipa hilo ni deni lako na biharusi, fundi hakuwepo mlipokubaliana.

Sasa saa, na hapa ndipo swali la yule aliyekataliwa na pesa zake mkononi.

Nilikaa na daftari nikapima, gauni kwa gauni. Gauni la biharusi lenye bitana na shanga linanila saa 22: kukata saa 3, kuunga na kutia bitana saa 8, lesi na shanga kwa mkono saa 7, kujaribisha na kurekebisha saa 3, pasi na kufunga saa 1. Sare ya kawaida saa 5. Pimeni na nyinyi kazi zenu, mtashangaa. Dada wa keki aliniambia alikuwa akijua keki yake ni ya "mchana mmoja", alipopima akakuta na kuosha vyombo ni siku mbili.

Sasa Ramadhani, maana harusi za Mfunguo Mosi zinashonwa Ramadhani. Mimi nahesabu siku 29, sihesabu 30, maana mwezi haukuandikiana na fundi. Natoa Ijumaa nne, tunafunga. Natoa siku ya mwisho, ya kukabidhi tu. Zinabaki siku 24. Tunaanza saa 2:30 asubuhi mpaka saa 8 mchana, tukitoa sala ya adhuhuri na kupumzika ni saa 5 za kazi. Watu watatu, saa 5, siku 24: ni saa 360. Sehemu moja ya tano, saa 72, naiweka kando kwa umeme kukatika, mtoto kuumwa, na biharusi aliyepungua kilo. Zinabaki saa 288. Nikipokea magauni sita ya biharusi ni saa 132. Zilizobaki, 156, zinatosha sare 31.

Thelathini na moja. Anakuja mtu na mashangazi na mashoga zake anataka sare 60, na pesa anazo kweli. Nitazipokea hizo pesa niziweke wapi, na saa sina? Nikizipokea nimeshamdanganya, hata kabla sijakata. Watu wanasema mafundi ni waongo. Mimi naona wengi wetu si waongo kwa tabia, hatukuhesabu tu, halafu siku ya ishirini na saba tunazima simu.

Usiku baada ya tarawehe hatushoni. Nimeshaambiwa kuwa hapo ndipo wenzangu wanapotengenezea pesa. Mkono uliochoka unaunguza satini, na mafundi wangu nao ni waja wa Mungu, wanataka zile kumi za mwisho kama mimi.

Siku za kawaida mpango wangu unafuata sala. Kukata nakata nyumbani baada ya alfajiri, watoto wamelala, kichwa kipo safi. Nguo nyeusi na za buluu iliyokolea tunashona asubuhi, mwanga wa dirishani ukiwa mzuri, maana uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi usiku ni kujitafutia miwani. Baina ya adhuhuri na laasiri, watoto wakiwa chuoni, ni kazi za mkono. Kujaribisha ni Jumamosi na Jumatano baada ya laasiri, na siku nyingine sipokei "nimepita tu dakika mbili". Dakika mbili za mgeni zinakwenda na nusu saa, na si kosa lake, mimi pia soga nalipenda. Mjini nakwenda mara moja kwa wiki, Darajani na Mchangani, na orodha mkononi: nyuzi, zipu, bobini, sindano. Kabla ya kuwa na orodha tulikuwa tukitoka mara nne kwa wiki kufuata zipu moja.

Na nina cherehani moja ya mguu sitaiuza. Laini ya umeme inayotoka bara kwa chini ya bahari ilipoharibika Disemba 2009, Unguja tulikaa bila umeme mpaka Machi 2010. Miezi ile mwenye cherehani ya mguu ndiye aliyeshona. Kijana atakayekuja kuifuata kwa bei ya chuma chakavu asijisumbue.

Kwa mabiharusi wa Mfunguo Mosi ijayo: majina naanza kuandika mwezi wa Rajabu, magauni sita tu, sare 31. Siku ya vipimo njoo na viatu utakavyovaa na sidiria utakayovaa, gauni linakatwa kwa urefu wa hivyo. Ukipungua au ukinenepa niambie mapema, hakuna atakayekucheka. Njoo na mtu mmoja, mama au somo wako. Chumba ni kidogo na kikapu cha simu hakijakua.